Kila Mtu Kilo Sabini

Rangi ilikuwa mbichi. Koplo aligundua hilo kwa bega lake: aliegemea ukuta wa chumba cha mizani ili aandike, na alipojitoa sare ilikuwa na doa jeupe kubwa kama kiganja.

"Afande, ukuta huu umepakwa lini?"

Mpelelezi alikuwa amesimama mbele ya mzani wa jukwaa, mzee wa chuma mwenye uso wa duara unaotazama foleni ya abiria, kiasi kwamba mtu akipanda tu, ukumbi mzima unausoma uzito wake. Jukwaa lilicheza kidogo. Akasukuma kabari ya mti chini ya mguu wa nyuma kwa ncha ya kiatu, mzani ukatulia, naye akaendelea kutazama dirishani.

"Muulize meneja," alisema. "Tumekuja kwa ajili ya ndege, si kwa ajili ya rangi."

Koplo alimtazama, akaandika kitu. Alikuwa binti wa maneno machache na daftari nene, na mwaka mzima aliokaa kwenye kitengo cha ajali za ndege hakuwahi kumwona mkubwa wake akiliacha swali likapita hivihivi. Mpelelezi huyu alikuwa na sifa ya kuuliza mpaka mtu anasahau jina la mama yake. Siku hizi tatu alikuwa kama ameuma ulimi.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Kampuni hii ndogo ilikuwa na ndege tatu, na wafanyakazi waliziita kwa umri wao: Bibi, Mama na Binti. Iliyoanguka ilikuwa Mama, ya injini moja na viti kumi na viwili vya abiria. Siku nne zilizopita, saa sita na nusu mchana, jua kali, ilibeba kwaya ya kina mama kumi na wawili kwenda kuimba mji wa jirani. Ilikimbia njia yote ya kurukia, ikainuka kimo cha mlango, ikashuka tena, ikavunja uzio na kuingia mtaroni. Rubani alivunjika mguu. Mwimbaji mmoja wa sauti ya chini alifariki kesho yake. Na leo, saa kumi alasiri, jalada lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka na jina la rubani juu yake, kosa la kusababisha kifo kwa uzembe, isipokuwa mpelelezi aseme vinginevyo.

Mpelelezi alitaka kusema vinginevyo. Alitaka kusema mafuta.

Kwa mara ya tatu wakaenda kwenye banda la matengenezo, ambako Binti alisimama kifua wazi, injini nje. Fundi mkuu, mtu mfupi mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, aliwaona wakija akashusha spana kwa hasira.

"Mafuta ni safi," alisema kabla hajaulizwa. "Nimekwambia juzi, nimekwambia jana. Sampuli umechukua wewe mwenyewe, maabara imejibu asubuhi hii. Unataka nikunywee kikombe?"

"Maji hayakuingia kwenye tangi?"

"Hata machozi hayakuingia."

"Injini?"

"Ilikuwa inavuta mpaka inagonga mtaro. Visu vya pangaboi la puani vimepinda kwenda mbele, na kisu hakipindi hivyo kama injini imekufa. Afande, wewe hili unalijua kuliko mimi." Akajifuta paji la uso, akazidi kulipaka grisi. "Kikulacho ki nguoni mwako. Acheni kunitafutia maji, tafuteni uzito."

Koplo alifungua daftari. "Uzito nimeutafuta. Nimewapima wale kina mama kumi na mmoja, hospitali na majumbani. Wa kumi na mbili, marehemu, nimeupata kwenye cheti cha hospitali. Jumla, na nguo zao, kilo elfu moja na sitini na mbili."

"Na karatasi ya mizani ya siku ile inasemaje?"

"Mia nane na arobaini. Kila mtu sabini."

Fundi akapiga mluzi. "Tofauti mia mbili na ishirini na mbili. Hao ni watu watatu wazima, wamepanda bila tiketi!"

Mpelelezi aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa vizuri tu.

*

Ofisi ya meneja ilikuwa na kiyoyozi, zulia na historia. Historia ilitundikwa ukutani ndani ya fremu. Picha ya kwanza ilikuwa ya baba yake, aliyeitwa Mzee Mabawa na kila aliyemfahamu, kando ya ndege ya kunyunyizia dawa mashambani. Ya pili, ndege ileile imeng'olewa tangi la dawa ikajazwa magunia ya barua na masanduku ya chanjo. Ya tatu ni Bibi akiwa mpya, viti vitano, mkia umechorwa kanga anayeruka. Ya nne ni wafanyakazi wote wa wakati huo, kumi na mmoja, wamejipanga mbele ya mzani.

Viti vya wageni vilikuwa vinne. Mpelelezi alichagua kile kilichoipa mgongo picha ya nne.

"Baba angekuwa hai angelia," meneja alianza. "Miaka thelathini na mitano hatujamwaga damu ya mtu. Halafu rubani mmoja, binti mdogo, kwa haraka zake..."

"Haraka zipi?" koplo aliuliza.

"Kitabu chetu cha taratibu, ukurasa wa tisa: kila abiria apimwe. Rubani alikuwa amechelewa, akamwambia karani asipime, aandike tu. Karani mwenyewe atathibitisha."

"Ameshathibitisha?"

"Amebakiza miaka miwili astaafu. Atathibitisha."

Koplo alipindua kurasa bila pupa. "Nimepitia karatasi za miezi sita. Vijana wamepimwa vizuri, mpaka nusu kilo. Lakini kila mzee ni sabini. Kila mama ni sabini. Kuna mbunge mmoja humu, yule ambaye hata bango la kampeni halikumtosha, naye ni sabini. Marubani watano tofauti. Wote walikuwa na haraka?"

"Ni mazoea tu. Watu hawapendi kupimwa mbele za watu."

"Nani aliyaanzisha?"

"Dada, mimi nimeichukua kampuni miaka mitatu iliyopita. Nimekuta watu wanafanya."

"Na rangi?"

"Rangi gani?"

Koplo akamgeuzia bega.

Meneja alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa kidole. "Usafi. Wageni wakija, unasafisha nyumba."

"Nyumba ina vyumba vinane. Mmesafisha ukuta mmoja."

Hapo mpelelezi yeyote anayeijua kazi yake angedaka swali na kulifukuza mpaka shimoni. Wetu aliangalia zulia. Alihisi shingo inamchoma, na alijua fika kwamba si joto, kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kikipuliza kisogoni pake pamoja na macho ya watu kumi na mmoja waliomo kwenye fremu.

Walipoondoka, koplo alibaki nyuma. Alisimama mbele ya picha ya nne muda mrefu kuliko picha inavyohitaji.

*

Karani wa mizani aliitwa Mama Mizani, na kama aliwahi kuwa na jina jingine kazini, lilikuwa limeliwa na miaka. Alikaa kwenye stuli yake kando ya jukwaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo mama," alisema koplo.

"Marahaba mwanangu."

"Habari za kazi," alisema mpelelezi.

"Njema, baba," alijibu Mama Mizani, kwa adabu ileile anayompa mgeni aliyepotea njia.

Koplo ndiye aliyeuliza. "Mama, nani alikuambia usiwapime wale kina mama wa kwaya?"

"Iliandikwa."

"Wapi?"

Akauonyesha ukuta mweupe kwa kidevu. "Pale. Kwa brashi, rangi ya buluu, herufi kubwa. 'Wazee, kina mama na wageni wa heshima wasipimwe mbele za watu. Waandikwe sabini.' Mimi nimeikuta na nimeifuata miaka kumi na minane. Siku moja baada ya ajali ikakwanguliwa kwa msasa, ikapakwa nyeupe, jana usiku ikapakwa tena maana buluu ilikuwa ikichungulia, nikaambiwa haijawahi kuwepo. Nikaletewa karatasi nisaini kwamba ni rubani aliyenikataza."

"Umesaini?"

"Kalamu iligoma."

"Zamani ndege haikuanguka. Kwa nini safari hii?"

"Zamani wazee walikuwa wawili, watatu, wengine vijana wembamba. Siku ile wote kumi na wawili walikuwa kina mama, mwanangu. Wote wa heshima."

"Nani aliyaandika maneno yale?"

Mama Mizani alimtazama koplo, hakumtazama mwingine. "Kijana mmoja aliyekuwa karani kabla yangu. Tulimwita Unyoya, kwa wembamba. Alikwenda masomoni."

"Jina lake halisi?"

"Nimelisahau."

Yeye ambaye aliweza kukutajia uzito wa begi lako la mwaka juzi! Koplo aliinua kalamu, akaishusha, akafunga daftari polepole. "Naenda kumleta rubani," alisema. "Yuko benchi la nje na magongo yake. Huenda nikachelewa kidogo."

Mlango ukajifunga. Mzani ulitoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa.

"Umenenepa, Unyoya," alisema Mama Mizani.

Mpelelezi alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku tatu alikuwa amepita mbele ya mwanamke huyu na 'habari za kazi' yake, yeye ambaye wakati ule akiuza tiketi dirisha la pili alimwekea chai kila asubuhi kwa kuwa alijua chumbani kwake hakuna jiko. Kitengoni hakuna aliyejua kwamba aliwahi kubeba mabegi hapa. Kwenye fomu zake aliandika kwamba alianzia chuo cha anga, kwani mkaguzi aliyeanzia kwenye mabegi alionekana duni mbele ya wenzake. Jalada hili lilipofika mezani kwake ilimpasa aseme siku ileile, mpeni mwingine. Akajikausha.

"Kwa nini hukumwambia?" aliuliza.

"Nikuumbue mbele ya binti unayemfundisha kazi? Nilijua utasema mwenyewe. Siku ya kwanza nikasema, leo. Ya pili nikasema, kesho. Leo ndiyo nimeanza kuingia wasiwasi. Mficha uchi hazai, mwanangu, na saa kumi inakuja."

"Unamkumbuka yule mwalimu mkuu mstaafu?"

"Nitamsahau vipi."

Ilikuwa mwaka wa pili wa mzani huu. Mwalimu yule alipanda, sindano ikaenda mia moja na nne, na kijana mmoja kwenye foleni akauliza kwa sauti kama mama ni abiria au ni mizigo. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu alishuka, akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani kwa miguu huku akilia, yeye aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa wakicheka. Mzee Mabawa alimwita karani wake mwembamba akamwambia: tafuta dawa. Karani akatafuta brashi. Mzee aliipenda dawa ile kiasi cha kumwandikia barua ya kuingia chuoni, na katika barua aliandika, 'kijana huyu ana adabu kuliko umri wake'. Sentensi hiyo mpelelezi aliijua kwa moyo. Ndiyo iliyomtoa kwenye mabegi.

"Haikuwa dawa mbaya," alisema, na sauti yake haikumridhisha hata yeye. "Unaandika sabini, mtu hafedheheki. Halafu ukipeleka karatasi kwa rubani unamnong'oneza uzito wa kweli unaoukadiria kwa macho. Huyu tisini. Yule mia. Rubani anapunguza mafuta au anaacha mizigo. Kwa hiyo marubani walikuwa wakijua, mama. Wewe ulikuwa ukiwanong'oneza. Sasa huyu rubani ulimwambiaje?"

Mama Mizani alikuwa amekunja uso.

"Kunong'ona kupi?"

"Kule... uzito wa kweli. Sikioni."

"Mwanangu, mimi nilikuja kwenye mzani wewe ukiwa umeshaondoka wiki nzima. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuta ukuta." Aligeuka akautazama mweupe ule kana kwamba maneno bado yapo. "Ukuta haukusema kunong'ona."

Hilo mpelelezi hakuliandika wakati ule, kwa sababu abiria walikuwa wakiusoma ukuta ule, na wangeusoma huo mnong'ono na aibu ingerudi palepale. Alikuwa kijana mwerevu. Aliandika nusu ya kazi mahali pa wazi, nusu nyingine akaiweka kichwani, akapanda Bibi kwenda chuoni nayo.

"Miaka kumi na minane," alisema Mama Mizani taratibu. "Kumbe kulikuwa na nusu nyingine." Kisha akakitazama kiganja chake cha kulia. "Yule marehemu alinishukuru. Alipoona simpandishi kwenye mzani alinishika mkono akasema, Mungu akuweke, mama, umenisitiri. Nami nikaandika sabini."

"Si wewe, mama."

"Mkono ulikuwa wangu."

"Shikamoo, mama," alisema mpelelezi. Ilimtoka tu, imechelewa siku tatu.

Mama Mizani alimwangalia mpaka akainamisha kichwa. "Marahaba," alisema. "Sasa nenda kafanye kazi yako."

*

Rubani alikuwa ameketi benchi la ukumbini, mguu wenye plasta umenyooshwa mbele yake, magongo ukutani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, na uso wa mtu asiyelala. Alipomwona mpelelezi alijaribu kusimama.

"Kaa, dada."

"Afande, mara ya mwisho naomba kusema. Mimi sikumkataza mtu kupima. Nililetewa karatasi, nikapiga hesabu kwa karatasi. Chuoni walitufundisha karatasi ya mizani haibishaniwi. Niliwaona kina mama ni wakubwa, ndiyo, niliwaona. Nikaona aibu kuuliza. Hilo ndilo kosa langu. Kama kuna jela ya hilo, nipelekeni. Lakini si kwa lile walilosema."

Saa ya ukumbini ilionyesha saa tisa na robo. Meneja alikuwa ametoka ofisini, amesimama mlangoni na kalamu mkononi, ile iliyogoma bila shaka. Abiria sita wa Binti, ambaye leo hangeruka, walikuwa wakigombana na dirisha la tiketi.

"Koplo," alisema mpelelezi, "fungua maelezo ya shahidi mpya."

"Tuingie ofisini, afande?"

"Hapahapa."

Koplo alivuta stuli mbili, akakalia moja, akaweka daftari gotini. Mpelelezi akakaa upande wa pili, upande wa wanaoulizwa, ambao kwa miaka kumi na miwili ya kazi hii hakuwahi kuujua ulivyo mgumu makalioni.

"Jina la shahidi," alisema, akatafuta pa kuanzia.

"Nimeshaliandika."

Akaligeuza daftari. Majina yake yalikuwa pale, yote matatu, kwa wino uliokauka zamani, na tarehe ya juzi.

"Tangu juzi?"

"Kabari, afande. Jukwaa lilicheza siku ya kwanza, ukaisukuma bila kuangalia. Leo pia. Mtu haijui kabari ya nyumba asiyoilala. Halafu unaamkia kila mtu mzima humu isipokuwa mmoja. Ile picha leo ilinithibitishia tu. Masikio ni yaleyale."

"Mbona hukuniuliza?"

"Wewe ni mkubwa wangu. Nilikustahi."

"Umenistahi. Mama Mizani amenistahi. Rubani aliwastahi abiria." Alitaka kuendelea, akaona kwamba orodha hiyo ilianza na yeye mwenyewe. "Andika kwamba jalada hili ninalikabidhi leo, na sababu uiweke wazi. Andika kwamba maneno ya ukutani yalikuwa yangu. Hayakuwa ya rubani, wala ya karani. Meneja ameyafuta akijua yalikuwepo, hilo muulize wewe, mimi sina tena haki ya kumuuliza mtu."

Meneja akarudisha kalamu mfukoni. Mabishano ya dirisha la tiketi yalikuwa yamekoma, na abiria wote sita walikuwa wamegeuka. Foleni ilikuwa ikimsoma.

"Na dawa yenyewe ilifanyaje kazi?" aliuliza koplo. "Ukiandika sabini kwa mtu wa mia, rubani anajuaje?"

Mama Mizani alikuwa amekuja kusimama nyuma ya benchi, mkono mmoja begani kwa rubani. Rubani aliinua uso. Hilo hakuwa amelisikia bado.

Mpelelezi aliinama mbele. Alianza kueleza habari ya kile kilichosemwa sikioni, na ambacho hakukiandika popote, na kwa nini. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, macho yake kwenye viatu vya koplo.

Kalamu haikusogea.

"Sikusikii," alisema koplo.

Akarudia.

"Bado sikusikii, na rubani hakusikii. Unanong'ona, shahidi."

Ni kweli. Hakuwa amejua. Alijinyoosha kwenye stuli, akamtazama yule binti mwenye plasta, akaanza upya kwa sauti ambayo ilifika mpaka dirisha la tiketi.